Neno la Leo ni Utamu

Dodoma, Februari 1916

Dada Anyesi, shikamoo.

Kikohozi kimeniacha. Huku mvua hakuna, vumbi linaingia mpaka kwenye uji. Kila asubuhi Bwana Mwalimu, yule Mjerumani, huandika neno moja ubaoni, nasi tunabuni hadithi yake kabla ya kengele. Juzi lilikuwa "treni". Leo lilikuwa "utamu", maana jana askari walituletea ng'ombe, tukala nyama baada ya miezi ya uji mtupu.

Nilikwisha kulamba bakuli ndipo nikaenda nyuma ya jiko kutupa mifupa. Ngozi ilikuwa imewambwa juani, inzi wamejaa. Sikio la kushoto lilikuwa na mikato miwili, ile ya kisu cha baba. Ni Madoa wetu, dada. Nilitapika, lakini haikutoka yote.

Basi leo nikaandika hivyohivyo: jina lake, askari waliomswaga kutoka zizini, mama akiwashika miguu kama ulivyonieleza. Nilitaka Bwana Mwalimu naye atapike. Akaisoma mbele ya darasa huku akichokoa meno, akacheka.

"Yotham, wewe unajua kubuni kuliko wote!"

Zawadi yangu ikawa bakuli jingine la nyama ileile. Akasimama kunitazama mpaka nikamaliza.

Mafuta yamegandia mdomoni. Nimesugua kwa majivu, hayatoki.

Mama akiuliza huku tunakula nini, mwambie uji.

Mdogo wako,
Yotham