Mwarobaini Ukizidi

Bukoto, Kampala

Mama yangu,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute goti limepungua maumivu, na Baba ameanza tena kula vizuri. Mimi ni mzima, ila nimechoka, Mama. Nachoka hata nikiwa nimekaa.

Unajua kwamba kampuni niliyoajiriwa inatengeneza dawa ya wadudu ya mwarobaini, na kazi yangu ilikuwa kuwaonyesha wakulima nyanya zetu za majaribio. Bosi aliagiza mstari wa mbele upigwe dawa kila baada ya siku mbili. Majani yake yakawa safi, hayana hata tundu moja la kiwavi. Mstari wa nyuma tuliupiga mara chache, nao ulikuwa na matundu kidogo. Wageni walionyeshwa ule wa mbele tu.

Siku moja walikuja akina mama wa huko Kansanga. Mmoja, Mama Nakku, akainama, akafunua majani.

"Nyabo," akaniita, yaani bibi kwa Kiganda, "hii nyanya mbona haina maua?"

Bosi alikuwa amesimama pembeni yangu. Ningeweza kusema bado changa. Nikamwambia ukweli: dawa hii haiui wadudu tu, mmea nao unaisikia. Ukipewa kidogo, hujihami, majani yake yakawa machungu kwa wadudu. Ukipewa kila mara, chakula cha kutengeneza maua huishia kwenye kujilinda, na mafuta ya dawa huziba vitundu vya majani, mmea ukakosa pumzi. Nikawapeleka nyuma wakaone matunda.

Wageni walipoondoka bosi aliniuliza, taratibu kabisa, "Wewe ni wetu au ni wao?" Tangu siku hiyo naosha mabomba ya dawa na chupa. Mikono imebabuka, na harufu ya mwarobaini nalala nayo.

Juzi askari wetu wa getini, Okello, aliniita. "Dada, kuna mama anataka wewe. Si bosi, wewe." Alikuwa Mama Nakku na beseni la nyanya. Alikuwa amepunguza dawa. Zilikuwa na makovu mawili matatu, lakini zimejaa, tena nyekundu. Bosi akatoka, akachukua moja, akala yote amesimama. Akarudi ofisini. Nami nikarudi kwenye mabomba.

Kwa hiyo Mama, zile nyanya zako ulizoniandikia kuwa zimedumaa ingawa unazipiga mwarobaini kila mara, usizing'oe. Acha dawa kwanza, uzipe maji. Ukianza tena, punguza makali, unyunyize jioni jua likishapoa.

Nisalimie Baba, dada Mwanahawa na wanawe, na shangazi anayekukandia goti.

Nimeomba likizo, wamenikubalia. Nikifika niacheni nilale. Habari za kurudi huku au kutorudi, mniulize nikishaamka.

Mwanao,
Rehema