Kiungulia Kilichonipa Sauti

Namwon,
Korea Kusini.
Novemba 3

Mpendwa mdogo wangu Mal-rye,

Salamu tele kutoka huku nyumbani, ambako baridi imeanza na kabichi za kimchi zimejaa sokoni hadi hakuna pa kukanyaga. Hujambo lakini? Shemeji wa huko Brazili hajambo? Watoto je, bado wanakusaidia pale kiwandani kushona, au wameshakukimbia? Sisi huku wazima. Mkahawa unaendelea, magoti yangu yanalalamika, na mume wangu Deok-su anakoroma kama kawaida yake. Habari za Mama ziko mbele, usiruke kurasa kwenda kuzitafuta.

Nimepata ujumbe wako. Unasema kifua kinakuwaka moto ukilala, maji machungu yanapanda kooni, na kila usiku unakunywa shira ya plamu kama tulivyofundishwa utotoni. Mal-rye, acha hiyo shira leo hii! Mimi nimeinywa mtungi mzima, na kila nikinywa kifua kinazidi. Plamu ni kali, na tumbo lako lenyewe limeshajaa ukali. Kaa kitako nikusimulie, maana kiungulia kimenifanyia vituko mwaka huu, na daktari amenikataza kupiga domo kwenye simu.

Unajua nilivyohangaika na pansori, uimbaji wetu wa kale wa hadithi na ngoma. Tangu uondoke niko kwa Mwalimu Heo kila Jumatatu, siku tunayofunga mkahawa. Nakaa sakafuni mbele ya ngoma yake naimba mpaka mishipa ya shingo inasimama. Na kila Jumatatu maneno ni yale yale: "Safi mno, Pil-sun! Sauti yako imenawa uso na kuchana nywele. Mimi nataka sauti iliyolala nje." Wenzangu walikwenda kupiga kelele kwenye maporomoko ya maji hadi wakatema damu, wakarudi na mikwaruzo yao mizuri kooni. Mimi nilikwenda nao, nikarudi na mafua.

Basi mwaka huu theluji ilipokwisha, nikaamka asubuhi moja sauti imechakaa. Nikamwita Deok-su aje ale. Akatoka chooni mbio na ufagio mkononi, akidhani kaingia mwanamume ndani. Nikacheka, na kicheko nacho kikatoka kimekwaruzika. Weee! Nilikwenda kwa Mwalimu siku hiyo hiyo, wala haikuwa Jumatatu.

Aliponisikia aliweka kijiti cha ngoma chini. "Imba tena," akasema. Nikaimba. Akafumba macho, akatikisa kichwa polepole. "Haya, hatimaye umekuwa mwimbaji." Hapo hapo akanipa kipande cha kuagana, ule wimbo wa huzuni, niimbe kwenye onyesho la vuli. Ndicho kipande ambacho kila mwanafunzi wake anakiota, na hakijawahi kupewa mtu mwenye sauti safi. Nilinunua keki za mchele nikagawia mtaa mzima. Hata Mama Gong wa duka la tofu, mwanafunzi mwenzangu ambaye amekikodolea macho kipande hicho tangu enzi na enzi, alikula zake kwa kununa, akafunga na nyingine za kupeleka nyumbani.

Sasa kiungulia. Kilikuja pamoja na ile sauti, lakini sikuviunganisha. Wewe unajua maisha ya mkahawa: siku nzima unalisha watu, wewe mwenyewe unakula mlango ukishafungwa. Nilikuwa najipakulia bakuli kubwa la supu yetu ya samaki wa matope, natia pilipili hadi inakuwa nyekundu, kimchi pembeni, glasi ya pombe ya soju kwa ajili ya magoti, halafu moja kwa moja kwenye godoro. Sakafu imepashwa moto, tumbo limejaa, raha tupu. Baada ya muda naamka kifua kinaungua na mdomo mchungu kama nimelamba betri.

Hapo ndipo kila mtu akawa daktari. Deok-su alinifunga uzi kwenye kidole gumba akanichoma sindano karibu na ukucha, kama Bibi alivyokuwa akitufanyia. "Umeona damu ilivyo nyeusi? Chakula kilikuwa kimekwama!" Nikamwambia kilichotoka ni damu yangu tu, chakula bado kiko palepale kinanicheka. Mama Gong akaniletea magadi ya kukoroga kwenye maji. Yalinituliza kidogo, nikacheua mbele ya wateja mpaka nikaona haya, kisha moto ukarudi. Mwingine akanikunia kiazi kikuu kibichi, ule uji unaoteleza. Mwingine kanifundisha kutafuna peremende za mnanaa, na hizo ndizo zikawa balaa kabisa. Juisi ya kabichi haikunidhuru, ila sikuona ilichonisaidia.

Mwishowe Deok-su akanikokota kliniki. Tulimkuta Daktari Tak, kabinti kadogo kenye miwani, kakanipitisha mpira mwembamba puani kaone koo. Kakatazama, kakaguna. "Mama, koo limebabuka. Asidi ya tumbo inapanda ukiwa umelala, inaunguza nyuzi za sauti. Hiyo sauti ya kukwaruza imeanza lini?"

Nikamwambia kwa fahari kwamba hiyo ni sauti ya pansori.

"Si ya pansori, mama," akasema. "Ni ya supu."

Mal-rye, nilitamani sakafu ipasuke! Deok-su alicheka hadi akatolewa nje. Daktari akaniandikia vidonge, akasema nikivimeza na kufuata masharti, koo litapona taratibu na sauti yangu ya zamani itarudi. Alisema hivyo akitabasamu, kana kwamba ananipa zawadi. Nilifika nyumbani nikavitupa kwenye droo. Mimi nimeisubiri sauti hiyo tangu nywele zangu nyeusi. Kama kifua lazima kiungue ili niimbe kuagana, basi na kiungue. Deok-su alinigombeza, akanibembeleza, akaninunia. Sikubanduka.

Sasa habari za Mama. Unajua macho yalishazima kabisa, na kule kwenye nyumba ya wazee anatutambua kwa sauti tu. Nilikuwa naenda kumlisha uji kila Jumapili kama kawaida, na niliona amekuwa mpole kupita kiasi. Hagombi, hanilaumu kwa kuchelewa, asante zake nyingi. Nikadhani ni uzee. Jumapili moja akanishika mkono, akaniambia kwa adabu kabisa, vile anavyosema na watu baki: "Bibi muuguzi, una huruma sana. Mimi nina binti anaitwa Pil-sun, alikuwa haachi kuja. Siku hizi haji. Sijui nimemkosea nini."

Nikamwambia, "Mama, Pil-sun si ndiye mimi?"

Akautoa mkono wake taratibu. "Usinitanie, bibi. Mimi ni mtu mzima. Sauti ya mwanangu naijua."

Nilimalizia kumlisha. Nikamfuta mdomo, nikamfunika blanketi, nikatoka nikakaa kwenye ngazi nikalia kama mtoto. Fikiria tangu theluji iyeyuke Mama anamsubiri binti yake, na mimi niko pale pale na kijiko mkononi. Kesho yake asubuhi, kabla sijatia kitu chochote tumboni, nilifungua droo nikameza kidonge.

Kisha nikaenda kwa Mwalimu kumweleza ukweli wote. Alinisikiliza hadi mwisho, halafu akaangua kicheko, akawa anapigapiga ngoma kwa kiganja. "Miaka yote hii mimi nafundisha, kumbe aliyefanikiwa ni tumbo!" Alipotulia akafuta machozi, akaniuliza kama kweli nimeamua kupona. Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi kipande cha kuagana sitakuachia. Hakikubali sauti safi, nawe unajua." Nilijua. Akampa Mama Gong. Mimi akanipa ule wimbo mfupi wa kufungulia onyesho, wa kuwachangamsha watu wakati wanatafuta viti. Niliumia, sitakuficha. Niliumia sana.

Haya, sikiliza dawa sasa, maana najua ndiyo uliyoitaka. Kidonge ni asubuhi, nusu saa kabla ya kula, wala si baada. Lakini wewe usinunue vya kwangu kwa kukisia, nenda kwa daktari wa huko akupe vyako. Chakula cha jioni ukile mapema, saa tatu hivi zipite kabla hujalala. Mimi sasa nakula kabla wateja wa jioni hawajaingia, Deok-su anashika zamu. Punguza pilipili, mafuta, kahawa, pombe, na peremende za mnanaa zitupe. Vaa nguo zisizokubana tumboni. Lala kwa ubavu wa kushoto. Na ukiona chakula kinakwama kooni, au unakonda bila sababu, au choo kinakuwa cheusi, usisubiri hata kesho, kimbia hospitali. Mambo hayo si ya kunywea juisi.

Tena inua upande wa kichwa unapolala, si kwa kurundika mito, bali kitanda chenyewe. Hapa ndipo tulipotaabika, maana wewe huko una kitanda, sisi bado tunalala chini. Deok-su akafikiri, akachukua meza moja fupi ya mkahawani, akaikata miguu miwili ya upande mmoja ili iwe mteremko, akatandika godoro juu yake. Usiku wa kwanza niliteleza nikaamkia miguuni pa meza nimejikunja, naye anakoroma. Akapigilia ubao wa kuzuia miguu. Sasa nalala pale kama samaki kwenye genge, lakini moto umekoma! Ila wateja wanauliza mbona meza moja haipo, naye anawaambia mkewe ameihamia.

Joto la kiangazi lilipokwisha, sauti nayo ikawa imerudi, ile ile ya kunawa uso. Sikumwambia Mama kitu. Daktari alinitaka nipumzishe koo hadi onyesho, kwa hiyo nikamwachia Deok-su akamlishe, mimi nikisimama mlangoni kimya. Ilinitesa kuliko kiungulia.

Siku ya onyesho Deok-su alimleta Mama kwenye kiti cha magurudumu, akamweka safu ya mbele. Nilikuwa nimelegeza mkanda wa vazi chini ya kifua, na nimekula uji asubuhi tu. Watu bado wanaingia, wengine wanaongea, wengine wanatafuna. Nikaanza. Sauti ikatoka safi, hata mimi nikajisikia kama msichana. Nilipofika mahali pa kuvuta pumzi, pale ambapo wasikilizaji huwa wanapaza sauti kumtia mwimbaji moyo, kabla mtu hajafungua mdomo, Mama akapiga kelele kutoka kwenye kiti chake:

"Huyo wangu! Jamani, huyo ni wangu!"

Ukumbi mzima ukadhani bibi anajua utamaduni, wakamshangilia, na mpiga ngoma akamjibu kwa pigo moja kubwa. Waliokuwa wanatafuna wakaacha. Mimi maneno yakanipotea kabisa, Mwalimu akaninong'oneza kutoka pembeni, nikaendelea huku machozi yananiingia mdomoni. Mama Gong naye baadaye aliimba kuagana vizuri sana, na nimemwambia hivyo. Mwalimu aliniambia nilipotea mahali pawili na sauti bado safi mno. Sijawahi kukosolewa nikafurahi vile.

Tulipotoka Mama alining'ang'ania mkono wa vazi hadi mshono ukalia. "Umekula?" akaniuliza. Nikasema nimekula. Halafu ugomvi ukaanza, ule wake wenyewe, nikasikia raha mwili mzima. "Ulikuwa wapi siku zote hizo? Mtoto gani wewe?" Nikamwambia nilikuwa naumwa koo, Mama, nisamehe. Akanipapasa vidole.

"Basi usinisahau tena," akasema. "Ila kuna mwanamke mmoja alikuwa anakuja kunilisha wakati hupo. Ana sauti mbaya, masikini, lakini alinitunza kama mama yake. Mtafute, Pil-sun, umshukuru."

Nimemwahidi nitamshukuru.

Nisalimie shemeji, na wanao wote, na yule mama mkwe wako mwenye maneno mengi. Deok-su anakusalimu, anasema ukihitaji fundi wa kukata meza yupo. Mwalimu Heo naye amekukumbuka. Ukimpigia Mama simu usijitaje jina, wewe sema tu naye akusikie. Mungu akupe usingizi usio na moto kifuani, na akulete nyumbani salama siku moja.

Mimi dada yako, nikupendaye kwa sauti yoyote,

Pil-sun