Jina Kwenye Kadi ya Kazi

Guangzhou, 8 Machi 1998

Kwako baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mzima, ukiacha mafua ya unyevu wa huku, ambao unaleta ukungu hata kwenye nguo zilizo kabatini. Goti la mama linaendeleaje? Na kifua chako? Mwambie mama kitenge chake nimekipata kule soko la vitambaa la Zhongda. Atakileta dada Chausiku, Mtanzania mwenzangu mwenye duka la nguo huku, pamoja na barua hii, maana anaruka kwenda Dar Jumatano.

Sasa kaa vizuri kitini. Sura ya historia ya tasnifu yangu imetangulia kuchapishwa kwenye jarida la kitivo, na picha yako imo, ile ya ovaroli mbele ya kichwa cha treni. Nimekutafsiria kwa mkono, kurasa kumi na mbili, usije ukasema mwanao anajificha nyuma ya Kichina.

Nimeanza na Thomas Savery, Mwingereza aliyepewa hati ya serikali mwaka 1698 kwa mtambo wake wa kuinua maji kwa nguvu ya moto. Hati ile ilikuwa pana mno, kila aliyetaka kuinua maji kwa moto alijikuta chini yake. Akaja Thomas Newcomen, muuza vyuma, akaunda mtambo mwingine kabisa, wenye silinda na pistoni, na mwaka 1712 ukaanza kutoa maji mgodini. Wa Savery ulikuwa haufui dafu kwenye mashimo marefu. Lakini Newcomen alilazimika kufanya kazi chini ya karatasi ya Savery. Miaka hamsini baadaye James Watt akapewa kielelezo kidogo cha mtambo wa Newcomen akitengeneze, akaona mvuke unavyopotea kwa kuipasha na kuipoza silinda ileile, akaweka chombo cha kupozea pembeni. Kazi kubwa, simnyimi haki yake. Ila leo ukimuuliza mtu nani aligundua injini ya mvuke, atakwambia Watt. Hilo linanikera, baba, na nimeliandika nikiwa nimekereka.

Mwisho wa sura nimekuweka wewe, kwa niaba ya mafundi wasioandikwa. Tabora, 1977. Jumuiya ya Afrika Mashariki imevunjika, spea za Nairobi hazifiki, vioo vya kupimia maji ya boila vinapasuka na kuunguza watu. Fundi Dismas Mihayo anatia gololi ya beringi ndani ya koki, kioo kikipasuka mvuke wenyewe unaisukuma gololi iende kuziba njia. Najua Ulaya vifaa vya namna hiyo vilikuwapo, lakini wewe hukuwa na cha kuiga. Ushahidi wangu ni kadi ya kazi yenye saini yako, ile niliyoikuta kwenye sanduku la mama.

Swali moja tu. Tumeiunda hapa maabara. Inaziba vizuri, ila tukishaweka kioo kipya gololi haishuki, inang'ang'ania mpaka tugonge kwa nyundo. Profesa Liang anauliza wewe uliishushaje. Niandikie upesi, tasnifu naitetea tarehe 26 Juni.

Mwanao akupendaye,
Edina


Tabora, 19 Aprili 1998

Edina,

Marahaba. Hapa wote hatujambo. Kitenge kimefika, mama yako amekivaa kanisani na kila mtu ameambiwa kimetoka China. Yeye amefurahi. Mimi sikufurahi.

Nani alikutuma? Nilikuruhusu uende huko ukasome mitambo, sikukuagiza unianike kwa watu nisiowajua. Ulifungua sanduku kwa idhini ya nani? Ulichukua kadi kwa idhini ya nani? Mtoto anayepekua masanduku ya wazazi wake, hata akivikwa joho, bado ni mtoto mpekuzi.

Mambo ya Waingereza wako nimeyasoma. Waache walale, wameshakufa. Mimi sijafa na sitaki kuvikwa kilemba cha ukoka. Futa jina langu. Toa na picha. Hilo si ombi.

Kuhusu gololi, nimesahau. Ni zaidi ya miaka ishirini.

Baba yako,
Dismas Mihayo


Guangzhou, 17 Mei 1998

Baba,

Shikamoo. Afya yangu nzuri, moyo ndio mbovu.

Barua yako nimeisoma mara nne, nikitafuta mahali nilipokukosea. Nimekosa kuchukua kadi bila kuomba, hilo nakubali, na naomba radhi. Mengine siyakubali. Kilemba cha ukoka nimekuvika mimi? Nani aliniweka magotini kila mgeni alipokuja, akamwonyesha cheti kilichotundikwa juu ya redio, akasimulia gololi mpaka chai ikapoa? Nikiwa darasa la tatu nilipigana na mtoto wa stesheni masta kwa sababu alisema baba yangu ni mwongo. Nina kovu hapa kwenye nyusi. Nilisoma uhandisi kwa sababu ya hadithi yako, si kwa sababu nyingine yoyote.

Sasa nimeiandika hadithi hiyohiyo, neno kwa neno, na wewe unanifokea kama mwizi wa kuku. Sikukuuliza siri ya jeshi. Nimeuliza gololi inashukaje. Mtu aliyeiunda kwa mikono yake hasahau hilo, baba. Mimi nimeiunda mara moja tu na kila mkwaruzo wake naujua.

Sifuti kitu bila sababu. Kila Jumamosi nazunguka mtaa wa maduka wa Guangyuan Xilu nikiwatafsiria wafanyabiashara bei za suruali, miguu inawaka moto, kusudi nipate nauli ya kuja kukuletea kitabu chenye jina lako. Kama kuna sababu, iandike kiume. Kama hakuna, niache nifanye kazi yangu.

Mwanao,
Edina


Tabora, 21 Juni 1998

Mwanangu Edina,

Marahaba. Natumaini u mzima. Mama yako goti limevimba tena. Mimi silali vizuri.

Umesema niandike. Nimechana karatasi tatu, hii ni ya nne, na tayari najua nimechelewa.

Gololi si kazi yangu. Ni ya Pandu Makame. Wewe humkumbuki, alihama ukiwa mdogo. Alikuwa mtia moto kwenye treni, kioo kikampasukia, mvuke ukamwunguza mkono wa kulia mpaka kwenye kwapa. Wakamleta karakana kusafisha maboila, kibarua asiye na daraja. Wenzake wakila, yeye alikaa nyuma ya ghala na tupa na kipande cha shaba. Miezi mitano. Siku ya kujaribu alivunja kioo mwenyewe kwa fimbo, akiwa amesimama mbele yake, mvuke wote ukiwa ndani. Sisi tulikuwa tumejificha nyuma ya ukuta.

Kwa utaratibu wetu kazi yoyote ya boila husainiwa na fundi wa daraja la kwanza. Kibarua haruhusiwi hata kuigusa kalamu. Nikasaini mimi. Hapo sikukosa, ndivyo tulivyofanya kila siku, na tulikuwa na msemo karakana kwamba kazi ni ya aliyesaini. Kosa lilikuja miezi miwili baadaye, cheti kilipofika kikiwa na jina langu, na cheo, na ile nyumba uliyokulia. Pandu alinifuata akaniuliza kama nimewaambia wakubwa. Nikamjibu nitawaambia. Akauliza tena. Mara ya tatu hakuuliza.

Mashine za mvuke zilipoondolewa, wenye daraja tulihamishiwa kwenye dizeli. Wasio nalo walirudi makwao. Anaishi Kaliua sasa, anatengeneza baiskeli.

Ndiyo maana sijui gololi inashukaje. Sikuwahi kumuuliza.

Baba yako


Guangzhou, 19 Julai 1998

Baba,

Shikamoo naiandika kwa sababu mama alinifundisha hivyo. Afya sina la kusema.

Barua yako imefika tarehe 14 Julai. Tasnifu nimeitetea tarehe 26 Juni. Nilisimama mbele ya maprofesa watano nikasema Dismas Mihayo, nikaonyesha picha, wakapiga makofi. Profesa Liang, mzee asiyetabasamu hata akila, alisema sura ile imemgusa kwa sababu babu yake alikuwa mfua vyuma. Nilitoka nikilia kwa furaha. Unaelewa ulichonifanyia? Nimeandika kurasa kumi na mbili kumtetea Newcomen, halafu kwenye ukurasa wa kumi na mbili nikampora Newcomen mwingine, aliye hai, anayeishi vituo vichache kutoka kwetu. Ulinipa ganda tupu la uongo nikalibeba kama yai.

Mambo ya utaratibu nayaelewa. Kadi naielewa. Miaka ishirini na moja siielewi. Nyumba niliyokulia, ada yangu ya sekondari, hata jeuri yangu ya kushinda wavulana kwenye hesabu, vyote vimetoka kwenye mkono ule ulioungua. Nina hasira na wewe.

Nimekwenda kwa Profesa Liang nikamwambia yote. Shahada yangu imesimamishwa. Nimepewa hadi tarehe 20 Desemba niisahihishe sura ile na kuitetea upya, na kwa kuwa kadi inasema vingine, wanataka maneno ya Pandu Makame mwenyewe, kwa maandishi, yenye sahihi yake. Bila hayo narudi nyumbani mikono mitupu baada ya miaka minne.

Nilimsimulia dada Chausiku pale dukani kwake, jengo la Tianxiu, maana nilikuwa sina pa kulilia. Alikuwa anafunga marobota. Akasema, "Laoban, tajiri wa lebo, anakuuzia lebo kwa kilo, unashonea shati lolote unalotaka. Lakini aliyelishona akilikuta sokoni, mdogo wangu, analijua kwa mshono." Akaendelea kufunga kamba.

Nenda Kaliua. Usitume mtu, usitume barua. Nenda na miguu yako, umpe ile tafsiri ya sura niliyokuandikia aisome, umwambie ulichoniambia mimi. Sikuombi kwa ajili ya shahada peke yake.

Edina


Guangzhou, 20 Septemba 1998

Baba,

Shikamoo. Hii ni barua ya tatu tangu Julai, wewe kimya. Mama ameniandikia kwamba aliisoma barua yangu, akakiteremsha cheti ukutani mwenyewe, na sasa amehamia kwa mama mdogo. Sikutaka hayo. Lakini siwezi kusema namlaumu.

Imebaki miezi mitatu. Kama unaogopa, sema unaogopa, nitakuelewa. Kukaa kimya umekaa vya kutosha, na mwenzako ndiye aliyelipa.

Mwanao, utake usitake,
Edina


Tabora, 8 Novemba 1998

Mwanangu,

Marahaba, kwa zote tatu. Mimi mzima. Mama yako bado yuko kwa mdogo wake, nikipita ananipa maji, hanipi neno.

Ndiyo, niliogopa. Mara mbili nilifika stesheni na pasi yangu ya mstaafu mkononi, nikarudi nyumbani. Mara ya tatu nilipanda.

Nilimkuta chini ya kibanda chake anaziba pancha. Amezeeka, mkono wa kulia haunyooki. Alinitambua nikiwa bado mbali, akaendelea na pancha yake. Nikamwamkia, akaitikia. Nikaanza hotuba niliyoipanga njia nzima. Akaninyang'anya karatasi, akavaa miwani, akasoma kurasa zote kumi na mbili mimi nimesimama juani. Alipofika kwa wale Waingereza alirudia. Akaniuliza mwenye hati alikufa lini. Sikujua, akanionyesha kwa kidole: 1715. Na Newcomen je? 1729, na hati ile ikaisha 1733.

"Kwa hiyo mwenye karatasi alitangulia kufa," akasema, "na huyu akafa angali chini ya karatasi ya maiti. Mimi sifi hivyo, Dismas."

Nikamwomba radhi. Nilipiga magoti, Edina, pale mavumbini, wateja wakiangalia.

Akasema, "Inuka. Umekuja kwa sababu mtoto amekutuma. Ungekuja peke yako ningekupa kiti."

Akaingia ndani. Nilidhani amenifungia mlango. Alitoka na daftari, akaandika kwa mkono wa kushoto zaidi ya saa nzima, na hakuniruhusu nikae. Kurasa hizo zimo humu, sahihi yake iko chini. Jibu la swali lako limo pia: pale gololi inapokaa, alikwaruza kamstari kembamba kwa ncha ya tupa. Gololi ikiziba, mvuke kidogo unaendelea kuvuja kwenye mkwaruzo. Ukishaweka kioo kipya na kukifunga, uvujaji ule unakijaza, msukumo unakuwa sawa pande mbili, na gololi inaanguka yenyewe. Akaniuliza kwa nini zile tulizotengeneza baadaye zilikuwa zinagoma. Nikamwambia ukweli, kwamba mimi ndiye niliyeamuru mkwaruzo ule usuguliwe, nikidhani ni uchafu wa kazi ya kibarua. Hapo ndipo alipokasirika hasa. Alinitukana kwa jina la mama yangu.

Hakunisamehe. Amesema niseme hivyo, nisije nikakudanganya na hilo pia. Wewe amekusalimu, amesema una mwandiko mzuri.

Sasa nisikilize. Aprili nilikuamuru ufute jina langu. Usilifute. Andika kwanza Pandu Makame, kwamba ndiye aliyeunda. Halafu andika Dismas Mihayo, na uandike nilichofanya, pamoja na ule mkwaruzo. Na picha yangu iache.

Baba yako,
Dismas