Nani Aliweka Utambi Ule

Newala,
29 Aprili 2025

Mdogo wangu Erasto, Baba Petro,

"Mishumaa inayotengenezwa majumbani na akina mama wasio na utaalamu imethibitika kuwa hatari, na kuanzia sasa haitaingia kanisani." Hayo ni maneno yako. Umeyabandika kwenye mlango wa kigango chenu hapo Masasi, ukaweka jina lako, katibu wa kamati, ukagonga na mhuri. Salamu nitazileta chini. Nikizitanguliza leo nitakuwa nakudanganya.

Imethibitika na nani? Nani alikata mshumaa mmoja akatazama ndani? Najua kilichotokea usiku wa Mkesha wa Pasaka. Nilishuka mwenyewe hospitali nikamwona Winfrida, mkono umefungwa bendeji kutoka kiganjani mpaka kwenye kiwiko, na mama yake amekaa pembeni. Mtoto ameimba kwaya, tone la moto limemdondokea kwenye mkono wa gauni, gauni limeshika. Sibishani na jeraha. Nabishana na hukumu iliyotolewa kabla ya mtu yeyote kuuliza swali.

Sasa nikueleze huo "utaalamu" tusiokuwa nao. Nta tunainunua kwa warina asali wa Chilangala, tunaiyeyusha juu ya maji, tunaichuja kwa kitambaa mara mbili. Mishumaa ya kuja kwenu tunaizidishia nta ya nyuki kuliko ile ya dukani, kwa sababu Masasi kuna joto na nta laini ikifika huko inainama kama mlevi. Wekundu tunautoa kwenye mbegu za mzingifuri, tunazikaanga taratibu ndani ya nta yenyewe mpaka zitoe rangi, kisha tunachuja. Hatutumii ile rangi ya unga ya kupakia ukili wa mikeka, kwa kuwa ile inataka maji. Ndani ya nta haiyeyuki, inatuama na kuziba utambi.

Na utambi ndio moyo wa kazi. Ni uzi wa pamba, nyuzi tatu, unasukwa, unalowekwa kwenye maji ya chumvi, unakaushwa kivulini, ndipo unachovywa kwenye nta. Ukiwa mnene kuliko mshumaa unavyotaka, unatoa moshi. Ukiwa mwembamba, unazama kwenye nta yake na kuzimika. Wa kwenu alisuka Mwanakombo, mwezi wa Ramadhani, amefunga. Tulimtania: "Mama Abdulatifu, unasuka utambi wa Pasaka na njaa ya Ramadhani?" Akajibu, "Ninyi washeni tu. Padri akiniombea vibaya nitajua." Huyo ndiye mmoja wa wanawake uliowaita hatari.

Wako saba hapa uani kwangu. Tangu tangazo lako, vigango vingine viwili vimetuambia tusilete. Nataka vipande vya mishumaa ya usiku ule, vyovyote vilivyobaki. Nakuandikia barua kwa sababu simu yangu unaikata.

Hali yangu ni njema, ila magoti na baridi ya huku juu hayapatani. Msalimie wifi yangu Rose. Petro anaendeleaje na kikohozi?

Dada yako,
Bibiana

*

Masasi,
4 Mei 2025

Dada, shikamoo.

Barua yako Swalehe wa basi amenikabidhi mbele ya watu, akasema, "Hii nzito, Katibu, soma umekaa." Nimekaa, nimesoma. Sisi hatujambo. Petro kikohozi kimeisha, amerudi shule. Rose anakusalimu. Pole na magoti, na uache kukaa nje jioni.

Dada, wewe ukishika kalamu hata askofu anaweza kutafuta pa kujificha. Ulifundisha watu insha miaka mingi, na sisi wengine bado tunasahihishwa. Lakini jiweke kwenye nafasi yangu. Mtoto wa watu ameungua ndani ya kanisa, mbele ya umati. Watu walikuwa wanataka jibu kesho yake asubuhi. Kamati ingenyamaza, tungesema nini? Boksi lilikuwa limeandikwa jina la kikundi chako. Mimi ndiye niliyelipokea stendi, mimi ndiye niliyelifungua. Mishumaa ya dukani ingekuwepo, leo tungemlaumu mwenye kiwanda asiyejua hata Masasi iko wapi. Imekuwa ya kwako, na mimi ni ndugu yako. Ningekutetea, wangesema nakubeba.

Tangazo halikutaja Newala wala jina lako. Nililiandika kwa upole kadiri nilivyoweza. Litulie mwaka mmoja, watu watasahau, mtaleta tena.

Vipande nimemwagiza Mzee Zabroni, mtunza kanisa, akufungie vile alivyovizoa chini ya mabenchi. Sijaona haja ya kuvitazama. Sina cha kuficha, dada, na sipendi ugomvi.

Mdogo wako,
Erasto

*

Newala,
12 Mei 2025

Baba Petro,

Marahaba. Nafurahi Petro amepona. Mimi nimelala vizuri kwa mara ya kwanza tangu Pasaka, na sasa nakueleza kwa nini.

Mfuko wa Mzee Zabroni umefika. Tuliumwaga mkekani, akina mama wote wamekaa, nikaomba kisu. Mwanakombo akasema, "Mwalimu, kata taratibu, usije ukaua shahidi." Tukakata vipande vya kwanza. Nta safi, wekundu umeenea sawasawa, utambi wa pamba, nyuzi tatu. Mwanakombo aliutambua msuko wake kama mtu anavyotambua mwandiko wake.

Kisha tukafika kwenye vingine. Vinateleza mkononi kama vimepakwa mafuta ya kupikia, na nadhani ndivyo: mtu ameyeyusha mishumaa ya dukani akaiongeza kimbo ili iwe mingi. Rangi ni ile ya mikeka, imetuama chini kama mchanga kwenye kikombe. Katikati hakuna pamba. Kuna uzi wa bluu, wa plastiki, na ncha yake imegeuka shanga nyeusi.

Erasto, plastiki hainyonyi nta. Inayeyuka, na ikiyeyuka inadondoka huku inawaka. Hilo ndilo tone lililomwangukia Winfrida. Mtoto amechomwa na uzi ambao hapa uani kwangu haujawahi kuingia.

Uzi wenyewe tunaufahamu wote. Hauuzwi kwa fundi nguo. Tunauona msimu wa mnada, midomoni mwa magunia ya korosho. Mwezi wa nne hakuna mkulima mwenye gunia la kushona. Uzi wa namna hiyo mwezi wa nne unakaa sehemu moja, kwenye ghala la chama cha ushirika, na karani wa ghala lenu namjua tangu akiwa anatambaa, nilimbeba mgongoni, na ndiye anayesoma barua hii.

Sikushtaki. Nauliza, na nataka jibu la maandishi. Nani aliongeza mishumaa kwenye boksi langu? Kwa nini iliongezwa bila mimi kuambiwa, wakati basi linapanda na kushuka kila siku na ningeleta mingine? Na tangazo lako linasubiri nini mlangoni?

Mama yake Winfrida anaamini mwanawe ameunguzwa na mikono yetu. Nilipomsalimia hospitali aligeuza uso ukutani. Siwezi kukaa na jambo hilo mwaka mmoja ili watu wasahau. Yeye hatasahau, anambadilisha mtoto bendeji kila asubuhi.

Msalimie Rose, mwambie nauliza hali yake.

Dada yako,
Bibiana

*

Masasi,
16 Mei 2025

Dada, shikamoo. Natumaini u mzima.

Nakujibu kwa kifupi, na nakuomba ukishasoma uichome barua hii.

Watu walijiandikisha wengi kuliko tulivyotegemea, mishumaa yako ikaonekana haitatosha. Ilikuwa Ijumaa Kuu, jioni. Iliyopungua ilitengenezwa hapa nyumbani. Aliyetengeneza ni Rose. Alikuona ukifanya mwaka juzi ulipokuja kukaa kwetu, akadhani ameelewa.

Kamati nimeshaieleza, ndani, kwa mdomo. Wamesikitika, wamemsamehe, ila wamempumzisha uenyekiti wa umoja wa akina mama mpaka mambo yapoe. Tangazo tumeona libaki. Likibanduliwa watu watauliza sababu, na sababu ni mke wangu. Sasa unaona nimebeba nini. Wewe umezoea mapambano, jina lako litapona. La Rose likianguka hapa mtaani haliinuki.

Kama unampenda wifi yako, nyamaza.

Mdogo wako,
Erasto

*

Newala,
3 Juni 2025

Erasto,

Huu ni ujumbe wangu wa mwisho kuhusu mishumaa, na nimetoa nakala. Moja ni yako, nyingine Mzee Zabroni atamkabidhi mwenyekiti wa kamati.

Nilinyamaza kama ulivyoomba. Wiki mbili na zaidi nilinyamaza, na aliyenijua utotoni anajua nilivyougua kwa kunyamaza huko. Nilifanya hivyo kwa ajili ya Rose. Akina mama hapa waliniuliza, nikawaambia wasubiri. Mwanakombo akanitazama akasema, "Leo mwalimu hana la kusema. Tumwite daktari."

Mkeo yuko kwangu tangu Ijumaa. Hilo unalijua, ila umewaambia majirani amekuja kunisaidia palizi. Mimi sina shamba la kupalilia mwezi huu. Alishuka kwenye basi na mkoba mdogo, akanisalimia, akaosha uso, akaingia uani akachukua pamba akaanza kusuka na wenzake. Jana mchana, Mwanakombo akamfundisha kubana nyuzi, akamwambia, "Wifi yetu, mkono wako mwepesi. Nani alikudanganya na plastiki?"

Akasema, "Baba Petro."

Nikaacha sufuria. Nikamwambia, "Mama Petro, nieleze polepole."

"Nilikuwa nasuka pamba ya kitambaa cha zamani. Akaja, akaona nachelewa. Akatoka, akarudi na uzi wa ghalani. Nikamwambia huu wa magunia, huu ni plastiki, Dada Bibiana alisema lazima pamba. Akaniambia, dada yako na vitabu vyake, waumini wanasubiri mwanga, hawatapasua mishumaa kutazama ndani. Nikamwambia basi tuwashe mmoja tujaribu. Akasema hakuna muda wa kuchezea."

"Na kwenye kamati?"

"Sikuitwa. Niliambiwa na Mama Winfrida. Nilikwenda kumwona mtoto na uji, akausukuma mlangoni, akasema kamati imeshamwambia ni mimi."

Kwa hiyo siri uliyoniomba niichome, kamati ilikuwa imeshaipeleka kwa mama wa mgonjwa. Uliniambia ninyamaze ili nimlinde Rose, na aliyekuwa analindwa ni wewe. Tangazo limewaangukia wanawake wa Newala, lawama imemwangukia mkeo, na wewe Jumapili unasimama mbele kusoma matangazo, kola imenyooka.

Usiniambie ulikuwa unaharakisha kwa nia njema. Naamini. Ijumaa Kuu jioni, watu wengi, mishumaa haitoshi, mtu anaweza kukosea, na kosa la namna hiyo ningekusaidia kulibeba. Lakini Jumatatu ya Pasaka hukuwa na haraka yoyote ulipokaa mezani ukaandika "akina mama wasio na utaalamu". Ulikuwa unamjua mtu mmoja tu aliyekuwa na utaalamu nyumbani kwako usiku ule. Alikwambia lazima pamba. Alikwambia tujaribu kwanza. Ukamnyamazisha, kisha ukawaambia watu kosa lilitokana na kutojua kwake.

Na ninyi wajumbe wa kamati, nawauliza moja kwa moja. Mlimvua mwanamke uenyekiti bila kumwita aseme neno moja. Mkapiga marufuku kazi ya wanawake saba bila kukata mshumaa mmoja. Kama hivyo ndivyo mnavyohukumu kanisani, nani atawaletea shauri la shamba au la mirathi? Bandueni tangazo lile kabla ya Jumapili ya Pentekoste. Mahali pake wekeni lingine, herufi kubwa kama zile, liseme mishumaa ya kikundi cha Newala haikumchoma mtu. Rose mrudishieni nafasi yake, au mwiteni ajitetee, mkiwa mmekaa na yeye amekaa. Vipande vilivyokatwa ninavyo, njooni mvione.

Wewe, Erasto, kazi yako iko kabla ya hiyo. Usianzie kanisani, huko utapata maneno mazuri ya kujipamba. Nenda nyumbani kwa Mama Winfrida, asubuhi, wakati anambadilisha mtoto bendeji. Usitume mtu, usipige simu, usipeleke sukari kwanza. Mwambie: uzi niliutoa ghalani mimi, mke wangu alinikataza, nikamlazimisha. Mtoto asikie na yeye. Ukimaliza usimwombe akusamehe siku hiyo hiyo, mwachie achague siku yake.

Rose hajasema atarudi lini, nami sitamsukuma. Ila amesema jambo moja, nami nalipeleka kwako kama alivyolisema: usije kumchukua. Simu yake iko wazi. Anataka kusikia Mama Winfrida mwenyewe akimpigia kumwambia kwamba umefika, umesema nini, na ulisema umesimama au umekaa.

Dada yako,
Bibiana