Kwapa Ni Pale Tu

Jumanne, 3 Septemba

Nimefika. Mgongo hauna habari na mimi. Kutoka Voi hadi Busia ni kulala, kuamka, kulala tena, na kila nikiamka — mahindi. Mpakani fujo. Baiskeli, trei za mayai, vijana wa kubadili pesa. Nikavuka na begi langu na leso ya mtoto, ile niliyoipinda mwenyewe kwa cherehani. Upande wa Uganda mwanamke mnene mwenye mwavuli wa manjano akanipungia mkono kama tumelelewa pamoja. Amuge! Shangazi wa Okurut, huyo aliyemwoa binti yangu Kate. Akanikumbatia mpaka kitambaa kikanivuka kichwani.

Nilidhani tunaenda moja kwa moja Kwapa, kwa Kate. La. Tunaenda Tororo mjini, kwake yeye. Akanieleza njiani, taratibu, kama anayemweleza mgonjwa. Mahari haijafika Voi. Na hapa kwa Wateso, mama mkwe haingii boma la mkwe wake, hali kwake, halali kwake. Hata kuonana uso kwa uso hawaonani, mpaka mambo ya ng'ombe yaishe. "Kama naonana, watu nasema mtoto anapata kutetemeka." Mtoto gani? "Ile mdogo." Mjukuu wangu!

Ng'ombe mpaka Voi! Watapanda treni?

Kate atamleta mtoto mjini. Lini? Karibu tu. Kwapa ni pale tu, anasema.

Jumatano, 4 Septemba

Amuge ananitembeza. Mji mpole huu. Barabara pana, miti mikubwa, maduka ya zamani ya Wahindi yenye mwaka uliochorwa juu kwenye saruji. Stesheni ya reli, na mbuzi wanajichunga wenyewe kati ya vyuma. Watu wanatembea polepole, kama hakuna linalowangoja. Na lile jiwe — mwamba mkubwa katikati ya mji, popote ugeukapo linakutazama.

Kila duka tunaingia. Kila duka natambulishwa. "Mgeni yangu hii! Nakuja mbali, huko kwenye ndovu!" Wananishika mikono miwili, wananiuliza habari za nyumbani, za safari, za ndovu. Wakarimu kweli. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza nimefuata nini.

Usiku ugali wa wimbi na muhogo, mweusi, na mboga ya kunde kwa karanga. Nimekula nikashiba. Kisha nikatoa simu nikaangalia picha niliyo nayo. Blanketi, na mguu mmoja. Kate alimpiga picha mguu! Nakaa nautazama mguu.

Ijumaa, 6 Septemba

Mvua. Barabara ya Kwapa ni tope, pikipiki hazipiti.

Nimeongea na Kate kidogo. "Mum, relax, tutakam." Anaongea kichovu. Nyuma yake mtoto akapiga chafya. Nikasema afya! Simu ikakatika. Sijui kama alisikia.

Jumamosi, 7 Septemba

Leo nimejificha sokoni. Mimi! Mwanamke mzima, fundi ambaye nusu ya Voi imevaa sketi zangu!

Tulikuwa kwa wauza muhogo mkavu. Kijana mrefu mwenye kofia ya majani anakuja, uso wa kupendeza. Nikamwitikia salamu, nikanyoosha mkono. Amuge alinipiga kikumbo nikaangukia magunia. "Ndugu ya Okurut hiyo! Hiyo pia mkwe yako!" Kumbe ndugu wote ni wakwe. Na yule kijana naye alipojua — masikini! — akavuta kofia mpaka kidevuni, akaondoka mbio, akagonga baiskeli ya mkate. Soko zima lilicheka. Nilicheka na mimi, nimekaa juu ya muhogo, unga mpaka puani.

Jioni haikunichekesha tena. Nikafikiri, huyu anamwona mtoto kila siku. Kila mtu Kwapa amemwona. Mimi nakimbiwa hata na kofia.

Siamini mambo ya kutetemeka. Nimemwambia Amuge hivyo. Hakukasirika. Alisema hata yeye hajui kama anaamini. "Lakini mtoto akipata homa, watasema ni nani?" Watasema ni mimi.

Jumapili, 8 Septemba

Kanisani nikasimamishwa, nikapigiwa makofi. Mahubiri kwa Kiteso, Amuge ananitafsiria sikioni, sentensi moja kwa kila tano. Nilishukuru kwa hizo nne za kupumzika.

Kate hakuja. Kuna msiba kwa jirani yake, na watu wa boma hawatoki wakati wa matanga. Sawa. Msiba hauna miadi. Nimesema sawa mara nyingi leo.

Nadhani Amuge aliniona uso. Baada ya chakula akanipeleka kwenye mwamba. Goti lake bovu, lakini akapanda nami mpaka inapoanzia ngazi ya chuma, akakaa akihema. "Enda mwenyewe. Juu nakuonyesha kila kitu." Nikapanda. Upepo! Mji wote mdogo chini yangu, moshi wa kiwanda, mashamba. Akanipigia kelele toka chini: "Kwapa iko kule! Pale mabati nang'aa!"

Mabati yalikuwa yanang'aa kila mahali.

Nikachagua moja. Lenye mti mmoja pembeni. Nikaliangalia mpaka macho yakatoa machozi, na si upepo. Nikalipungia mkono. Mjinga mimi. Nikashuka nikamwambia Amuge nimeliona.

Jumatatu, 9 Septemba

Hakuna. Nimemshonea Amuge pindo la gauni lake la gomesi. Cherehani ya jirani ina kelele nzuri, angalau.

Jumanne, 10 Septemba

Wanawake walikuja kwa Amuge jioni. Chungu cha ajon katikati, pombe ya wimbi ya moto, kila mtu na mrija wake mrefu. Nikapewa wa kwangu. Shika kwa mkono wa kulia. Usipulize. Usichungulie ndani. Nikavuta kidogo — chachu, joto, si mbaya. Wakashangilia. Mama mmoja, Ajambo, anayetoka Kwapa, akanitania eti sasa mimi ni wa hapa, nitafutiwe mzee mwenye meno. Nilicheka kwa dhati. Kwa muda nilisahau.

Kisha Ajambo huyo huyo akaanza kusimulia, kwa wema tu, jinsi mtoto alivyopewa jina kabla ya msiba. Mama yake Okurut alichovya kidole kwenye ajon, akamgusisha mdomoni, wakataja majina moja moja. Mtoto akafunga mdomo, akafunga mdomo. Walipotaja Amoding, akalamba! Basi ni Amoding.

Wote wakanigeukia nifurahi. Nikafurahi. Nikavuta mrija mpaka ukapiga kelele.

Kwa hiyo mjukuu wangu ana jina na mimi nalisikia kwenye pombe. Bibi mwenzangu ameshampakata, ameshamlambisha kidole. Mimi hata harufu yake siijui. Naona wivu. Naandika hapa kwa kuwa hakuna wa kumwambia: naona wivu. Tangu baba yake Kate afariki nyumba yangu haina sauti. Nilidhani nakuja kusikia moja.

Wananipenda hapa. Hilo ndilo linalonichosha. Huwezi kumkasirikia mtu yeyote.

Alhamisi, 12 Septemba

LEO! Kate amepiga simu asubuhi. Matanga yameisha, barabara imekauka kiasi, Okurut anawaleta kwa pikipiki. Atawaacha kona ya msikiti, Kate atatembea hapa na mtoto. Nimepiga leso pasi mara mbili. Amuge anakaanga mandazi anaimba.

Baadaye. Mambo yameharibika. Kate alikuwa na homa tangu jana na hakusema — mtoto huyu! — na walipofika mjini akashindwa kusimama. Okurut amempeleka kliniki. Malaria, wanasema. Amuge ametoka mbio na goti lake. Nikavaa viatu. Akanirudisha mlangoni: Okurut iko pale, wewe kaa, mimi naleta mtoto. Kaa! Binti yangu mgonjwa mtaa wa pili, na mimi nakaa na mandazi.

Naandika ili mikono iwe na kazi.

Kuna pikipiki uani. Si Amuge. Sauti ya mwanamume: "Senga! Senga!" Anamwita shangazi yake. Na kilio. Kilio chembamba, cha hasira. Ni yeye! Wamepishana na Amuge njiani. Nimeingia chumbani, nimefunga mlango.

Viatu vyangu viko barazani.

Ameviona. Chini ya mlango kuna nafasi, naona buti zake, tope mpaka juu. Ameingia sebuleni, amesimama. Mtoto analia.

Anaongea. Si na mimi — anaongea na mtoto, kwa sauti ya juu: "Amoding. Ambia jaja yako, mama yako natundikiwa maji, lakini nafungua macho, naongea. Asiogope." Jaja ni mimi, bibi yake. Halafu: "Ambia jaja, mimi nataka kurudi kliniki, na wewe iko na njaa, na mimi sijui kufanya nini." Mtoto mwenyewe, huyu mkwe wangu!

Nikajibu. Mjukuu wangu, mwambie baba yako nimesikia, mwambie asante. Mwambie akulaze kwenye mkeka, atoke uani, nitatoka.

Buti hazikusogea. "Amoding, ambia jaja, chini kuna siafu. Mvua naleta ndani."

Kweli. Nawaona hata hapa, mstari mweusi unapita chini ya mlango.

Basi ni mikono kwa mikono. Nimejitupia leso ya mtoto kichwani, mpaka kifuani. Hii naiandika bila kuona, mistari sijui iko wapi. Nimetoka Voi kuja kumwona, na sasa nitampokea kipofu! Nimemwambia Amoding amwambie baba yake naye afumbe macho. Amesema ameshafumba. Nimeondoa komeo. Anapapasa ubao, anatafuta mlango ulipo. Kilio kiko karibu sana. Harufu imefika kabla yake. Maziwa, na moshi wa kuni