Pete Iliyokuzwa Maabara

Mpenzi Antwi,

Huku kuku wa Mama wametotoa, goti lake linamsumbua, na pete yako imefika. Niliwaeleza wanawake wa nyumbani kwamba almasi yake imekuzwa maabara na dhahabu yake imetolewa kwenye simu mbovu, kwa hiyo hakuna mto uliochafuliwa.

Shangazi Pokuaa akauliza, "Imekuzwa lini?"

"Mwaka huu, Shangazi."

"Basi mbuzi wangu kaizidi umri. Ije imwamkie."

Mama akacheka mpaka akashika mbavu. Akasema kichanga lazima kioge, akaitumbukiza kwenye beseni la maji ya mto. Ikapotea. Tangu Mama awakodishe wachimba dhahabu shamba letu la kakao, maji ya mto wetu, Offin, yamekuwa na rangi ya chai ya maziwa. Tukapapasa wote watatu, wapi, mpaka tukayamwaga kwenye chujio la mawese. Pete ikabaki juu ya tope. Mama akalitazama lile tope, kicheko kikamkauka.

Leo asubuhi amewafukuza wachimbaji.

Kwa hiyo ukija kubisha hodi kwetu kuniposa na chupa zako za pombe ya jini, ule mkufu wa dhahabu uliomwahidi Mama uache. Mama anaomba maji ya kunywa.

Wako, ninayevua pete kabla ya kunawa,
Serwaa