Nimemwahidi Mgonjwa wa Mpwa Wangu Safari ya Lori

Mpendwa mshauri, kwa kawaida mimi ndiye ninayeombwa msaada, mtaani kwetu gari likizama kwenye matope naitwa mimi kwanza, lakini safari hii nimekwama mwenyewe na naomba unisukume, hata kama ni kwa maneno makali.

Mimi ni dereva wa malori, darasani sikukaa sana lakini barabara imenisomesha, nimewahi kushuka mlima na lori lisilo na breki huku mkono mmoja umeshika kikombe cha chai na halikumwagika hata tone, shahidi ni utingo wangu ila yeye alikuwa amefumba macho. Nina mpwa wangu, binti wa marehemu dada yangu, nimemlea tangu hajui kufunga viatu, sasa ni nesi. Alipopangiwa chumba cha upasuaji nilitamba, mshauri, niliwaambia watu kwamba daktari akichoka humpa mpwa wangu kisu amalizie, na hakuna aliyebisha maana nikianza kuongea sitoi nafasi.

Basi akahamishiwa wodi ya afya ya akili ya watoto na vijana, nikadhani ni adhabu, nikamwambia nakwenda kumwona mkubwa wao, akasema, "Mjomba, tulia, nimeomba mwenyewe, na ndiyo ninayotaka kuisomea zaidi." Nikamuuliza kule kwenyewe anafanya nini kutwa nzima, akasema anakaa sakafuni na watoto, anacheza nao karata, anaangalia nani amekula na nani hajalala, anamsubiri anayetaka kuongea. Nikamwambia, "Kwa hiyo nimekusomesha ukacheze karata?" Akacheka. "Na huwa nafungwa, Mjomba."

Siku moja alisahau funguo nyumbani, nikampelekea, mlinzi ananifahamu akanipitisha, mpwa wangu akanikalisha kwenye ukumbi wa wodi akaitwa ofisini, akaniambia, "Kaa hapa, usiongee na mtu, narudi sasa hivi," na mshauri, hilo ni kama kumwambia samaki asilowe. Palikuwa na binti wa miaka kama kumi na miwili, kimya kabisa, anakunja karatasi, nikamsimulia habari ya lori na kikombe, kidogo kidogo akainua macho, mwishowe akacheka, akaniuliza lori liko wapi, kichwa kikanivimba, nikamwambia liko hapo getini na Jumamosi nakuja nalo kukuchukua nikupeleke kwa mama yako, utakaa mbele na mimi. Lori lenyewe si langu, na mama yake sijui hata anakaa wapi.

Jumamosi yule binti alifunga nguo zake kwenye shuka tangu asubuhi, akakaa kwenye dirisha linalotazama geti, hakula, na mpwa wangu alipomsogelea akamwambia, "Niache, namsubiri mjomba wako." Tangu jioni ile hasemi tena, na ndiye ambaye mpwa wangu alikaa naye wiki baada ya wiki mpaka akaanza kula na kutamka maneno mawili matatu. Muuguzi mkuu wa wodi amemwambia mpwa wangu kwamba kumwacha mgeni peke yake na mgonjwa ni kosa lake, na hatampendekeza kwenda kusomea kazi hiyo mpaka aone jambo hili linarekebishwa vipi.

Mpwa wangu hakunigombeza, na hicho ndicho kilichoniuma. Alisema tu, "Kule wodini kwetu ahadi hairudishwi na mtu mwingine. Aliyeitoa anakuja, anakaa mbele ya mtoto, anasema ukweli. Muuguzi mkuu amekubali uje. Mimi masomo nitayapata, Mjomba, kama si mwaka huu ni mwingine, siachi. Lakini yule hawezi kukaa dirishani mwaka mzima."

Sasa nishauri, nimwambie lori limeharibika, au barabara imefungwa, au niazime lori kweli nimzungushe uwanja wa hospitali? Na je, hii ni kazi, au mpwa wangu anapoteza mikono yake bure?

Mjomba Mwendokasi


Mjomba Mwendokasi,

Barua yako ilikuwa ndefu kuliko inavyosomeka hapa. Nimeondoa yote uliyoandika kuhusu ugonjwa wa yule binti na mambo ya nyumbani kwao. Hayakuwa yako kuyasimulia. Kama uliyaokota wodini, yaache wodini.

Mpwa wako unampenda, hilo naliona mpaka kwenye mistari ya uongo. Na ulimchekesha mtoto aliyekuwa hacheki, sikunyimi sifa hiyo. Ila kicheko kimoja hakikukutosha, ukamgawia kitu usichokuwa nacho.

Unaniuliza uongo upi unafaa. Hakuna. Lori likiharibika, atasubiri litengenezwe. Barabara ikifungwa, atasubiri ifunguliwe. Ukimzungusha uwanjani, wewe ndiye utakayemshusha na kumrudisha ndani kwa mkono wako, na hapo utakuwa umemwongopea mara ya pili.

Kesho asubuhi piga simu wodini, umwombe muuguzi mkuu akupangie saa. Usipite kwa sababu mlinzi ni rafiki yako. Mwambie pia kwamba uliambiwa usiongee na mtu, ukaongea. Mpwa wako alikosea kukuacha pale, na naona halikwepi hilo, lakini mzigo wako ubebe mwenyewe.

Ukiingia, kaa sakafuni kama wanavyokaa wao. Usibebe zawadi. Sema hivi: "Nilikwambia nitakuja kukuchukua. Sina lori, wala sikuwa na ruhusa. Nilikudanganya. Nesi wako hakujua. Ulikaa dirishani kwa sababu yangu, na ninasikitika." Kisha funga mdomo. Utatamani kuujaza ule ukimya na kisa cha mlima, ung'ate ulimi. Akikuuliza kitu, mjibu ukweli, hata kama jibu ni "sijui." Usimwombe akusamehe. Hajalazwa pale ili akutulize wewe.

Kuhusu mikono ya mpwa wako, hebu tazama ulichokifanya. Uliingia kuleta funguo, ukaongea muda mfupi tu, ukabomoa kilichojengwa wiki baada ya wiki. Isingekuwa kazi, kusingekuwa na cha kubomoa. Anajua mtoto yupi wa kusogelewa na yupi wa kuachiwa nafasi, na hilo halionekani na mtu aliyesimama mlangoni. Mtaani wakikuuliza, wajibu kwamba ni muuguzi wa afya ya akili ya watoto na vijana. Litamke jina hilo lote, bila kuongeza chumvi. Na masomo yake usiyasemee kwa mkubwa yeyote. Amekwisha kukwambia atayapata, nami namwamini.

Yule binti anaweza kukugeuzia mgongo. Anaweza kukwambia maneno ambayo hujawahi kuambiwa na mtoto. Usijitetee, usimbembeleze. Inuka, uage, uondoke. Mpwa wako atabaki pale sakafuni, na kesho yake atarudi kukaa hapo hapo, mpaka mtoto atakapogeuka mwenyewe. Hiyo ndiyo kazi aliyoichagua, na wewe usikanyage tena katikati yake.